Kawaida ya Nani? Nilivyojifunza Kumchunguza Mgonjwa wa Kila Umri

Katika muhula wa kwanza wa masomo ya uuguzi tulijifunza kuchunguza mwili kwa kuchunguzana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alilala kitandani, wa pili akashika kifundo cha mkono wake kutafuta mapigo, wa tatu akatazama saa na kuandika. Mapigo yalikuwa 72, au 68, au 80. Pumzi zilikuwa 14 au 16 kwa dakika. Presha ilikuwa 110 kwa 70 au karibu na hapo. Hapakuwa na mtu kati yetu aliyekuwa na umri chini ya miaka 18 wala zaidi ya 30, na wote tulikuwa wazima. Kwa majuma mengi mfululizo, bila mkufunzi yeyote kukusudia, vidole na masikio yetu vilizoezwa kuamini kwamba mwili wa binadamu ni mwili wa kijana mwenye afya njema, na kwamba lolote lililo tofauti na huo ni kasoro.

Sasa nimefanya kazi wodini kwa miaka kadhaa na ninasimamia wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi, nami huwaona wakipita palepale nilipopita mimi. Wanafika wakiwa wanajua kufunga mkanda wa mashine ya presha, wanajua stethoskopu huwekwa wapi, na wanaweza kutaja kwa mpangilio hatua nne za uchunguzi: kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza. Hayo yote ni ya lazima, na mtu akijituma huyamudu ndani ya muhula mmoja. Kinachochukua miaka ni kujua kawaida ya nani unayoitumia unapomtazama mgonjwa aliye mbele yako: kichanga wa siku tatu, mtoto wa miaka miwili anayelia, msichana wa miaka 14 aliyekuja na mama yake, mjamzito wa miezi minane, au mzee wa miaka 80 ambaye leo hajui ni siku gani.

Mimi nililijua hilo kwa kukosea. Nikiwa katika juma la tatu la mazoezi katika wodi ya watoto, nilipewa mtoto wa miezi minane aliyeletwa kwa sababu ya kikohozi cha siku tatu. Alikuwa amepakatwa na mama yake, ametulia. Nilihesabu pumzi zake kwa sekunde 15, nikapata 11, nikazidisha mara nne na kuandika 44. Nilivyokuwa nimezoea kuona 14 na 16, hata hiyo 44 ilinishtua kidogo, lakini nilikumbuka kwamba watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, nikaridhika. Muuguzi kiongozi wa zamu aliipitia karatasi yangu, akanyanyuka bila kusema neno, akamwomba mama afunue shati la mtoto hadi kifuani, akasimama na saa yake kwa dakika nzima. Alipata 54.

Tofauti kati ya 44 na 54 inaweza kuonekana ndogo kwa asiyeijua kazi hii. Kwa mtoto mwenye kikohozi, miongozo ya Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa kupumua haraka kulingana na umri: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, na 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa hesabu yangu, yule mtoto alikuwa na kikohozi na mafua tu, na angerudishwa nyumbani. Kwa hesabu yake, mtoto alikuwa na dalili ya nimonia na alihitaji antibiotiki. Mtoto alikuwa yuleyule, shati lilelile, mama yuleyule. Kilichobadilika ni sekunde 45 ambazo sikuwa tayari kuzitoa.

Baadaye aliniketisha akanieleza, na maelezo yake ndiyo ninayoyarudia kwa wanafunzi hadi leo. Upumuaji wa mtoto mchanga na wa mtoto mdogo hauendi kwa mwendo mmoja. Hupumua haraka kwa muda, akapunguza, akasita kidogo, kisha akaendelea. Kwa hiyo robo dakika utakayoichagua inaweza kuwa ile ya haraka au ile ya polepole, nawe hutajua ni ipi. Isitoshe, ukikosea pumzi moja katika sekunde 15, utakuwa umekosea nne katika dakika. Ndiyo maana huhesabiwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, kwa kutazama tumbo na kifua, na ikiwa kichanga amefikisha 60 huhesabiwa tena ili kuthibitisha. Mtoto anayelia hahesabiki, unasubiri.

Kusubiri huko ndiko kulikonifundisha kwamba hata mpangilio wa uchunguzi hubadilika kwa umri. Chuoni tulifundishwa kuanzia kichwani na kushuka hadi miguuni, na kwa mtu mzima anayekuelewa mpangilio huo ni mzuri kwa sababu hausahau kiungo. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni mpangilio wa kuharibu kazi. Ukianza kwa kumfungua kinywa kutazama koo, au kumwingizia kifaa sikioni, umemaliza. Kila utakachokisikia kifuani baada ya hapo ni kilio. Kwa mtoto huyo uchunguzi huanza ukiwa bado mlangoni: anatazama mazingira au amelegea, anamfuata mtu kwa macho au hajali, pua zinatanuka anapovuta pumzi au la, sehemu ya chini ya kifua inabonyea kuingia ndani badala ya kutanuka au la. Ukishahesabu pumzi, unasikiliza moyo na mapafu akiwa bado mapajani kwa mama, stethoskopu ikiwa imepashwa joto kwa kiganja. Tumbo linafuata, na mambo yanayoudhi, yaani masikio, koo na joto la mwili, yanabaki kuwa ya mwisho.

Tumbo lenyewe lina sheria yake ambayo haibadiliki kwa umri wowote: unalitazama, kisha unalisikiliza, ndipo unaligonga na kulipapasa. Kulipapasa kwanza kunaweza kubadilisha mlio wa utumbo, na pia kumfanya mwenye maumivu akaze misuli asikuruhusu tena. Sikio nalo lina siri ndogo ambayo wanafunzi huisahau mara kwa mara. Kwa mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka mitatu, ndewe huvutwa chini na nyuma ili mfereji unyooke. Kwa mtoto mkubwa na mtu mzima, sikio huvutwa juu na nyuma. Anayevuta kwa namna ya mtu mzima kwa kila mgonjwa hatakiona kiwambo cha sikio la mtoto, na huenda akaandika kwamba sikio halina tatizo.

Kichanga ni ulimwengu wake peke yake, na nitakaa hapa kidogo. Mwaka 1953 Virginia Apgar, daktari wa usingizi nchini Marekani, alichapisha njia ya kumpima mtoto anapozaliwa kwa mambo matano: mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, namna anavyoitikia akichokozwa, na rangi ya ngozi. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na mtoto hupimwa katika dakika ya kwanza na ya tano. Ninachokipenda katika njia hiyo ni kwamba ilimlazimisha mtu aliyekuwepo chumbani amtazame mtoto, wakati ambapo macho yote yalikuwa kwa mama. Lakini mtoto asiyepumua hasubirishwi hadi alama hizo zihesabiwe. Msaada wa kupumua huanza kabla dakika ya kwanza haijatimia.

Baada ya saa hizo za kwanza kuna mambo ambayo kwa mtu mzima yangekuwa ugonjwa na kwa kichanga ni salama, na kinyume chake. Moyo unaopiga mara 140 kwa dakika ni wa kawaida kwake. Kwa mtu mzima aliyepumzika ungetutia wasiwasi mara moja. Uzito kupungua kidogo katika siku za kwanza ni jambo la kutarajiwa, na watoto wengi huwa wameurudisha wanapofikisha wiki mbili. Ukimkuna wayo, kidole gumba cha mguu kikainuka na vingine vikatanuka, kwake ni dalili ya mishipa ya fahamu ambayo bado inakomaa. Kwa mtu mzima ni ishara ya madhara katika ubongo au uti wa mgongo. Mshtuko ule wa kutupa mikono nje na kuirudisha kama anayekumbatia huwepo tangu kuzaliwa na kutoweka kati ya miezi minne na sita, kwa hiyo kuukosa kwa kichanga ni tatizo, na kuuona kwa mtoto wa mwaka mmoja ni tatizo vilevile.

Utosi nao una mengi ya kueleza kwa anayejua kuupapasa. Wa nyuma hufunga mapema, kwa kawaida karibu na miezi miwili. Wa mbele hubaki wazi kwa muda mrefu, mara nyingi hadi kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Hupapaswa mtoto akiwa ameketishwa na ametulia, kwa kuwa kilio chenyewe huuvimbisha. Ukiwa umebonyea pamoja na macho yaliyodidimia na ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ikifinywa, unafikiria upungufu wa maji mwilini. Ukiwa umevimba na mtoto ametulia, unamwita daktari sasa hivi.

Jambo jingine ambalo wanafunzi hushangaa kulisikia ni kwamba kichanga mgonjwa sana anaweza kuwa baridi badala ya kuwa na homa. Joto lililoshuka chini ya nyuzi 35.5 ni dalili ya hatari kama ilivyo homa. Hapo mama ndiye kipimo cha kwanza, na ninasema hivyo kwa uzito wote. Mama akisema, «Leo hanyonyi kama jana,» amekwisha kulinganisha mtoto wake na mtoto wake mwenyewe wa jana, jambo ambalo hakuna jedwali linaloweza kulifanya. Nimewaona wauguzi wakiitikia kauli hiyo kwa kichwa na kuendelea kutafuta kipimajoto. Kauli hiyo iandikwe kwa maneno yake, na ifuatiliwe kwa maswali: amenyonya mara ngapi tangu asubuhi, amekojoa mara ngapi, analia kwa sauti ileile au imedhoofika?

Kwa watoto wakubwa kidogo, funzo gumu zaidi kwangu lilikuwa presha. Mwili wa mtoto una uwezo mkubwa wa kujikaza unapopoteza maji au damu. Moyo huongeza kasi, mishipa ya mikononi na miguuni hujibana, na presha hubaki pazuri hadi nguvu hizo zinapokwisha. Kwa hiyo presha ya mtoto ikishuka, tumekwisha kuchelewa. Anayesubiri mashine imwambie kwamba mtoto yuko hatarini hataambiwa kwa wakati. Kinachosema mapema ni viganja na nyayo zilizopoa, moyo unaokwenda mbio na kwa nguvu ndogo, mtoto anayezidi kusinzia, na ukucha ambao rangi yake huchukua zaidi ya sekunde 3 kurudi baada ya kuubonyeza. Kwa lishe, utepe wa kupima mzingo wa mkono wa juu unatosha kutoa onyo: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Lakini utepe peke yake unaweza kudanganya ikiwa mtoto amevimba. Kwa hiyo bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde chache, uangalie kama shimo linabaki.

Nikifika kwa vijana, naanza na kisa cha stethoskopu yenyewe. Mwaka 1816, Laennec, daktari wa Ufaransa, alikuwa na mgonjwa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Njia iliyokuwapo ya kusikiliza kifua ilikuwa kuweka sikio moja kwa moja juu yake, naye akaona haifai kwa umri na jinsia ya mgonjwa huyo. Akakunja karatasi kuwa bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, na akasikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia. Huwakumbusha wanafunzi kwamba kifaa wanachokivaa shingoni kilianza kwa kumsitiri mgonjwa, na kwamba heshima hiyo ndiyo iliyoleta usikivu bora zaidi. Kijana wa miaka 14 anahitaji pazia lifungwe, aelezwe kabla ya kuguswa, sehemu moja tu ya mwili ifunuliwe kwa wakati mmoja, na apewe dakika chache za kuzungumza bila mzazi kuwapo. Mwambie tangu mwanzo ni nini kitabaki siri na ni nini hakiwezi, kama vile hatari ya kujidhuru au ya kudhuriwa. Maswali kuhusu hedhi, mahusiano, pombe, huzuni na usingizi hayana jibu la kweli mbele ya hadhira.

Kwa mjamzito, kawaida inasogea juma baada ya juma. Kuanzia karibu wiki ya 20 hadi wiki ya 36, kimo cha mimba kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi, kwa sentimita, hukaribia idadi ya wiki zake, na tofauti kubwa humpeleka kwenye uchunguzi zaidi. Usimchunguze kwa muda mrefu akiwa amelala chali katika miezi ya mwisho, kwa kuwa uzito wa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Atajihisi kizunguzungu na presha yake itashuka. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 haipuuzwi hata akisema anajisikia vizuri: ipime tena, pima protini katika mkojo, uliza kuhusu maumivu ya kichwa, macho kuona ukungu na maumivu chini ya mbavu za kulia. Kifafa cha mimba hakimsubiri muuguzi amalize zamu.

Kwa mtu mzima wa makamo nitasema jambo moja tu, kwa sababu ndilo tunalolifanya mara nyingi na vibaya. Presha hupimwa mgonjwa akiwa amepumzika kwa dakika tano, ameegemea, miguu ikiwa sakafuni bila kupandanishwa, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo, na bila mazungumzo. Mkanda uendane na mkono: sehemu inayojaa hewa izunguke takriban asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu isiyokuwapo. Kuna watu wanaomeza dawa kwa sababu ya mkanda mdogo, na jambo hilo hunisikitisha.

Kabla sijafika kwa wazee, kuna kawaida nyingine isiyo ya umri ambayo hatukufundishwa ipasavyo, nayo ni ya rangi. Maelezo mengi ya dalili za ngozi yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe: midomo kuwa ya bluu, mashavu kuwa mekundu, uso kupauka. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, upungufu wa damu hutafutwa katika utando wa ndani ya kope la chini, ulimi na viganja. Manjano hutafutwa katika weupe wa macho, na pia katika kaakaa. Ukosefu wa oksijeni hutafutwa ulimini na katika fizi. Uvimbe wa ngozi wenye maambukizi hauwi mwekundu kila mara, lakini huwa wa moto na mgumu, kwa hiyo mgongo wa mkono wako unakwambia kile ambacho macho hayakioni. Hata kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni kimeonekana kutoa wakati mwingine namba iliyo juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Namba ikisema 94 na mgonjwa anahangaika kuvuta pumzi, mwamini mgonjwa.

Mzee aliyenifundisha zaidi alikuwa na miaka 82. Aliletwa na mjukuu wake, ambaye hakuwa na malalamiko ya kueleweka; alisema tu, «Babu hayuko sawa tangu juzi.» Joto lake lilikuwa nyuzi 37.2. Hakuwa na kikohozi. Presha yake ilikuwa nzuri. Alijibu maswali yangu polepole na kwa kuchanganya, akaniita kwa jina la mtu mwingine, na nilianza kuandika kwamba ni usahaulifu wa uzee. Kisha, kwa sababu ya yule mtoto wa miezi minane, nikashika saa na kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zilikuwa 28. Picha ya kifua ilionyesha nimonia.

Nimeshafikiria sana jinsi nilivyokaribia kumpoteza. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na mzee anayepumua mara 28 yuko taabani hata kama uso wake umetulia. Homa yake haikuonekana kwa sababu mwili wa mzee mara nyingi haupandishi joto kama wa kijana, na joto lake la siku zote huenda lilikuwa chini zaidi, hivyo 37.2 inaweza kuwa mbali na kawaida yake. Kikohozi kinaweza kukosekana. Kinachojitokeza kwanza ni kuchanganyikiwa, kuanguka, kukataa chakula, au kukojoa bila kujizuia. Swali lililoniokoa lilikuwa lile nililomuuliza mjukuu baada ya kuhesabu: «Wiki iliyopita alikuwaje?» Akajibu kwamba wiki iliyopita alikuwa akisimulia habari za redioni, neno kwa neno. Kupotewa na akili kunakokuja ndani ya saa au siku, na kupanda na kushuka katika siku moja, si usahaulifu wa uzee unaojengeka kwa miezi na miaka. Ni ugonjwa wa ghafla unaotafutiwa chanzo, kuanzia maambukizi hadi dawa mpya, upungufu wa maji au mkojo uliozuiliwa kutoka.

Tangu siku hiyo uchunguzi wangu wa mzee umekuwa mrefu, na siombi radhi kwa hilo. Naketi mbele yake penye mwanga ili aone midomo yangu, naongea taratibu na kwa sauti nzito badala ya kupiga kelele, kwa sababu wengi hupoteza kwanza usikivu wa sauti nyembamba. Namuuliza yeye kabla ya kumuuliza aliyemleta. Naomba kuona dawa zake zote, siyo orodha tu, bali vifuko na chupa zenyewe. Ngozi ya mkono ikifinywa haisaidii sana kujua kama ana upungufu wa maji, kwa kuwa imekwisha kulegea kwa umri. Natazama ulimi, mkojo na mapigo. Napima presha akiwa amelala, kisha akisimama, ndani ya dakika tatu. Ile ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ile ya chini kwa 10 au zaidi, nimepata sababu moja ya kuanguka kwake. Kisha namwomba ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, hatari ya kuanguka ipo. Na akisema magoti yanamuuma, siandiki kwamba ni uzee. Maumivu yana chanzo kwa mtu wa miaka 82 kama yalivyo nacho kwa mtu wa miaka 20.

Kwa wanafunzi wanaonifuata nina sharti moja ambalo mwanzoni huwaudhi: wasiandike neno «kawaida» katika faili la mgonjwa. Waandike walichokiona, walichokisikia na namba waliyoipata, pamoja na hali ya mgonjwa wakati wa kupima. «Pumzi 36 kwa dakika, mtoto amelala, kifua hakibonyei» ni sentensi ambayo muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuilinganisha na atakachokiona saa sita. «Upumuaji wa kawaida» haimpi chochote, kwa sababu hajui ilikuwa kawaida ya nani.

Nawaambia pia wachunguze watu wenye afya njema kadiri wanavyoweza, wa kila umri, kabla ya kutamani kusikia milio ya ajabu. Masikio yaliyosikiliza vifua vingi vilivyo safi hushtuka yenyewe yanapokutana na kifua kilichojaa. Waende kliniki ya watoto siku ya kupima uzito, wahesabu pumzi za watoto walio wazima. Wakae na wazee wasioumwa, wawaone wanavyoinuka na wanavyotafuta maneno.

Juma lililopita niliingia wodi ya watoto nikamkuta mwanafunzi amesimama kando ya kitanda, mikono nyuma, saa imegeuziwa usoni kwake. Mtoto alikuwa amelala kwenye mapaja ya mama, shati limefunuliwa hadi kifuani. Mama alimtazama kwa muda, kisha akamuuliza, «Mbona humpimi, sista?» Mwanafunzi hakugeuza macho wala hakujibu. Alisubiri hadi dakika ilipokwisha, akaandika namba yake, ndipo akamwambia, «Samahani, mama, nilikuwa namhesabu pumzi. Sasa naomba nimsikilize kifua kabla hajaamka.»